Zote ni Sawa

Kosa nililifanya mimi, na niliulizwa kabla ya kulifanya. Naliweka mwanzoni kwa sababu nitakuwa mkali mbele ya safari, na msomaji ana haki ya kujua anayefoka amesimama wapi.

Ilikuwa Novemba 2017, siku chache kabla ya dirisha la maombi ya vyuo vikuu vya umma vya California kufungwa. Binti wa dada yangu, ambaye nimekaa naye tangu ana miaka tisa, alikuwa mezani jikoni kwetu, City Heights, upande wa mashariki wa San Diego, kompyuta mbele yake na chai imeshapoa. Alikuwa amemaliza insha, amemaliza alama, amemaliza mapato ya kaya, jambo ambalo halikuchukua muda. Akafika kwenye ukurasa wa chuo kikuu cha mji wetu, kile kilichoko La Jolla juu ya bahari, akasita.

"Mama mdogo, hapa wanataka nipange koleji. Ziko sita. Nianze na ninayoitaka zaidi mpaka nisiyoitaka."

Nikamuuliza koleji gani tena, si anaomba chuo kimoja? Akasema ni kimoja, ila ndani yake zimo sita. Tukafungua picha. Kila koleji ilikuwa na vijana wanaocheka kwenye nyasi. Kila koleji ilisema ni familia. Moja ilipigwa picha jua likizama, na kwa nyuma bahari inaonekana, na mimi ni mtu wa Tanga. Nikamwambia: "Zote ni sawa. Chuo ni kimoja. Weka hiyo ya bahari kwanza, nyingine panga utakavyo." Akapanga. Ikachukua kama dakika nne.

Koleji hiyo sitaitaja. Haikumkosea mtu, na yaliyofuata yangeweza kutokea kwenye nyingine mbili au tatu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi neno lenyewe linapotosha, kwa hiyo nieleze kidogo. Koleji za San Diego si kama ndaki za Mlimani, ambako Ndaki ya Uhandisi ni ya wahandisi. Huku mhandisi, mwanabiolojia na mwanahistoria wanaweza kuwa koleji moja, na wahandisi wawili wa darasa moja wakawa koleji mbili tofauti. Wala si mabweni tu, kama zile hosteli tulizogombea sisi, ambako aliyekosa chumba alibebwa na mwenzake na wakalala kitanda kimoja mpaka mwisho wa mwaka. Koleji ina mabweni yake, ina mkuu wake na washauri wake wa masomo. Na ina kitu ambacho kwenye picha za jua linazama huwezi kukiona: masomo yake ya lazima. Kila koleji ina orodha yake, na mwanafunzi wake lazima aimalize, juu ya masomo ya fani yake, ndipo apewe shahada.

Wazo la kugawa chuo kikubwa katika vipande si baya. California ya miaka ya 1960 ilikuwa inapokea vijana wengi kuliko ilivyowahi kupokea, na waliojenga San Diego, kama wale waliojenga Santa Cruz, waliogopa mtoto kumezwa na umati. Revelle ilipokea wanafunzi wa kwanza 1964, Muir 1967, ya tatu 1970, Warren 1974, ya tano, inayoitwa sasa Eleanor Roosevelt, 1988, na Sixth ikafuata mwanzoni mwa karne hii. Ya saba ilifunguliwa 2020 na ya nane 2023. Kila moja ilizaliwa na mawazo ya zama zake kuhusu msomi ni mtu wa namna gani. Waanzilishi wa Revelle walitaka mtu aliyekamilika kila upande, kwa hiyo kwa miaka mingi koleji hiyo ilidai masomo matano mfululizo ya fasihi na falsafa, hisabati ya kalkulasi, sayansi, sanaa na lugha ya kigeni. Roosevelt walitaka mtu anayeijua dunia, wakaweka mfululizo mrefu wa historia ya ulimwengu, masomo sita, baadaye matano. Muir walitaka mtu ajichagulie njia, kwa hiyo masomo mawili ya uandishi na mafungu matatu matatu ya kuchagua. Hizo ni falsafa tatu za elimu, na kila moja ningeitetea mbele ya mtu yeyote.

Ila zina uzito tofauti. Na huo uzito tulipaswa kuupima pale jikoni, tukapima bahari.

Hesabu yenyewe haihitaji kalkulasi. Shahada ni yuniti 180. Somo la kawaida ni yuniti 4, kwa hiyo ni masomo 45. Mwaka una mihula mitatu, miaka minne ni mihula 12, na mwanafunzi anayechukua masomo manne kila muhula atakuwa amefanya 48. Nafasi ya kuteleza ni masomo matatu. Hapo humo ndimo umo ugonjwa, somo lililojaa kabla hujajiandikisha, somo ulilofeli kwa sababu wiki ile ulikuwa unamtafsiria bibi yako hospitalini. Kwa mwanafunzi wa fani isiyo na masharti mengi, koleji nzito inajaza nafasi ambazo angezijaza na kitu kingine. Kwa mwanafunzi wa uhandisi, ambaye fani yake imeshakula sehemu kubwa ya 45, koleji nzito inamwagika nje ya ndoo.

Mpwa wangu alisoma uhandisi.

Mwaka wa kwanza hakujua. Alisoma masomo ya lazima, alifaulu, alifurahi. Mwaka wa pili ukaja na korona, chumba chake kikawa darasa na jikoni langu likawa maktaba. Ni katika kukaa humo ndani, mwaka 2020, ndipo alipokaa na karatasi akaanza kuhesabu yaliyobaki, na mara ya tatu aliyohesabu akaniita. Hakulia. Alinionyesha tu: mihula iliyobaki upande mmoja, masomo yaliyobaki upande mwingine, na mstari chini yake.

"Mama mdogo, ulisema zote ni sawa."

Alimaliza mihula miwili nyuma ya wenzake wa fani ileile. Mihula miwili, mtu wa mbali atasema, ni nini katika maisha? Ni hiki. Ruzuku ya jimbo inayoitwa Cal Grant hutolewa kwa miaka minne, na baada ya hapo mlango unafungwa. Ni kodi ya chumba ya miezi sita. Ni mshahara wa kwanza uliochelewa, ambao kwetu haukuwa wa kununulia gari bali wa ada ya wadogo zake wawili walioko Korogwe. Mkopo aliouchukua kwa mihula ile bado anaulipa ninapoandika haya.

Sasa waje wanaosema "fuata moyo wako."

Nimewasikia wengi. Ni washauri wa shule za sekondari, ni vijana wanaotembeza wageni wakirudi nyuma kwa visigino, ni wazazi wenye nia njema. Wanamwambia mtoto wa miaka 17 achague koleji "inayomfaa", atembee humo, avute hewa, asikilize moyo unasemaje. Moyo wa mtoto wa miaka 17 unasema bahari. Moyo wa mama yake mdogo unasema bahari vilevile. Lugha ya moyo haidhuru mtu aliyekwisha kuhesabu. Inamdhuru asiyejua kwamba kuna cha kuhesabu. Mwenye kaka aliyesoma palepale, au baba mwenye rafiki profesa, ataambiwa mezani kwa sentensi moja: ukitaka uhandisi usiweke ile juu, weka hii. Sentensi moja tu. Haiandikwi popote, hailipiwi, na thamani yake kwa nyumba yangu ilikuwa nusu mwaka. Familia isiyo na mtu wa kuisema sentensi hiyo huambiwa ifuate moyo, kisha ikiumia huambiwa ilichagua yenyewe. Nyumbani tunaita kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila huku mwenye gunia anasisitiza ulikuwa na uhuru wa kulifungua.

Na kweli nilikuwa nao. Hilo ndilo linalonichoma. Orodha za masomo zilikuwa wazi kwenye tovuti. Chuo kina hata ukurasa ambapo unachagua fani, unachagua koleji, na unaonyeshwa mpango wa miaka minne, muhula kwa muhula, somo kwa somo. Badilisha koleji, mpango unabadilika mbele ya macho yako. Ukurasa ule niliujua mwaka 2020, miaka mitatu baada ya kuuhitaji. Mimi ni mkalimani. Riziki yangu ni kusoma fomu za watu wengine. Hakuna aliyenificha kitu. Lakini picha zililetwa mpaka mezani kwangu, na ule ukurasa ulingoja nijue kuuliza. Sikujua kuna swali.

Kuna vyuo vilivyochoka na mchezo huu. Harvard ina nyumba 12 za wanafunzi wa mwaka wa pili na kuendelea, na kwa miongo mingi vijana walizichagua. Matokeo yake kila mtu aliyapata kwa macho: nyumba ya watoto wa shule za kitajiri, nyumba ya wanamichezo, nyumba ya wasanii, na wanafunzi weusi wengi wakikusanyika kwenye zile za mbali. Hakuna aliyewalazimisha. Waliachiwa wachague, wakajipanga kama jamii iliyowazaa ilivyopangwa. Mwaka 1996 chuo kikaanza kuwapanga kwa kura. Unaweza kwenda na kikundi cha marafiki, lakini nyumba mtapangiwa. Yale hupanga wanafunzi wake bila kuwauliza, kabla hata hawajafika. Cambridge bado wanaacha mwombaji ataje koleji, lakini wanampa pia nafasi ya kutotaja yoyote, na kompyuta ikampangia. Nimewahi kumshauri kijana mmoja wa Mombasa afanye hivyo, akaniona mvivu.

Nilipoanza kusema mambo haya hadharani, kwenye mikutano ya wazazi kanisani na kwenye ukumbi wa maktaba, nilikuwa nasema hivi: San Diego wafanye kama Yale. Wapige kura. Mwaka mzima nilisema hivyo kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimekosea, na aliyenionyesha ni mzee mmoja wa Uvira ambaye hakuwa na nia ya kunionyesha chochote.

Ilikuwa Novemba tena, 2021. Mwezi huo njia ya treni ya mjini ilifika La Jolla kwa mara ya kwanza. Treni inayoanzia San Ysidro, mpakani na Meksiko, sasa inakupitisha katikati ya chuo. Binti yake alikuwa anajaza fomu ileile, koleji sasa zikiwa saba, naye baba akaniomba twende tukaione shule kwa macho kabla mtoto hajaandika kitu. Tukapanda basi mpaka katikati ya mji, kisha treni. Mzee alivaa koti la harusi. Tulitembea chini ya mikaratusi, tukaitazama ile maktaba yao iliyosimama kama uyoga wa zege, na tulipofika kwenye koleji ya tatu nikaanza kueleza, kwa sababu nilikuwa nimesoma, na mtu aliyesoma jambo juzi halazi.

Nikamwambia hii sasa inaitwa Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani, na jina lilitolewa 1993, mwaka aliofariki. Nikamwambia Marshall huyohuyo, 1960, alikwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akawaandikia rasimu ya haki za raia kwa ajili ya katiba yao. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kenya si kwao.

Nikaendelea. Nikasema lakini kabla ya hapo, 1969, koleji ikiwa bado kwenye karatasi, wanafunzi weusi na wanafunzi wenye asili ya Meksiko waliungana wakaandika madai yao. Walikuwa wachache kiasi kwamba wangeweza kujuana wote. Mmoja wao alikuwa Angela Davis, aliyekuwa akisoma falsafa hapo chini ya Herbert Marcuse. Walitaka koleji hii iwe ya watu ambao chuo hakikuwa na nafasi yao: wanafunzi weusi asilimia 35, wenye asili ya Meksiko asilimia 35, wengine 30. Walitaka wafundishwe mambo yanayohusu maisha yao, si yale yaliyopangwa na waliowatangulia. Waliingia kwa nguvu ofisi ya msajili. Na walitaka iitwe Lumumba-Zapata.

Mzee akasimama.

"Lumumba? Lumumba ule wetu?"

Ule wenu, nikamwambia. Wa Kongo.

"Hapa? Watoto wa Amerika?"

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Sisi tuliozaliwa upande mwingine wa ziwa tumemzoea kama jina la mtaa. Dar es Salaam unapita Mtaa wa Lumumba kwenda kununua betri, na Makerere wana bweni lake lenye kelele nyingi. Kwa mzee huyu hakuwa mtaa. Alivua kofia, akaishika kifuani, pale kwenye njia ya wanafunzi, vijana wakitupita na vibao vyao vya magurudumu. Kisha akamgeukia binti yake, na kwa sauti ya mtu aliyekata shauri akamwambia aandike hiyo namba moja.

Nikanyamaza. Ningesema nini? Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia watu wasichague kwa jina wala kwa picha, na huyu hapa mtu aliyevuka nchi nne anachagua kwa jina ambalo hata halipo ukutani, kwa sababu chuo hakikulikubali. Nikamwambia binti: baba amesema, lakini tukifika nyumbani tutahesabu.

Usiku ule nilikaa na jambo lile na kura yangu ikaanza kunishinda. Wale vijana wa 1969 hawakuwa wanaomba koleji yenye nyasi nzuri. Walikuwa wanaomba masomo. Walitaka koleji moja, kati ya zote, ambayo orodha yake ya lazima ingeandikwa kwa kuwafikiria wao. Hawakupata jina, wala ile 35 kwa 35. Tangu 1996, California ilipopiga kura ya kuzuia vyuo vya umma visiangalie rangi katika kupokea wanafunzi, madai ya namna ile hata kuyaandika huwezi. Walichokipata, kwa sehemu, ni masomo: mpaka leo mfululizo wa lazima wa koleji ile unaanza na tofauti na usawa katika jamii ya Marekani. Nikisema koleji zote ziwe na orodha moja kisha tupige kura, ninakifuta kitu pekee walichofanikiwa kukiacha. Na nikisema tupige kura bila kugusa orodha, mtoto mmoja wa uhandisi ataangukia mzigo wa masomo kumi na mwingine mzigo wa kumi na saba, kwa bahati tu, na wa bahati mbaya hata hatakuwa na mama mdogo wa kumlaumu. Yale wanaweza kupiga kura kwa sababu nyumba zao hazidai masomo. Za San Diego zinadai, na huo ndio utamu wake.

Kwa hiyo sasa nasema hivi, na nitaendelea kusema: koleji zitofautiane katika kinachosomwa, zisitofautiane katika idadi. Kama ni masomo 12, yawe 12 kwa wote. Revelle wajaze yao na falsafa, Roosevelt na historia ya dunia, Marshall na usawa, ya nane na lolote walilolifikiria. Mtoto achague akili anayotaka kuwa nayo. Nusu mwaka wa maisha yake na ruzuku ya familia visiwe sehemu ya uchaguzi huo, kwa sababu anapochagua hajui kwamba vimo. Najua koleji zimekuwa zikipunguza na kubadilisha masharti yao miaka hii, na anayesoma hapa asichukue namba zangu za 2017. Afungue mpango wa mwaka wake. Lakini kupunguza kidogo kidogo kila koleji kwa wakati wake ni kukiri kwamba mizigo haikuwa sawa, bila kuwaambia waliokwisha kuibeba.

Kuna watakaosema elimu si mzigo, mwanafunzi asihesabu masomo kama punda anayehesabu magunia. Huyu simbezi. Mpwa wangu mwenyewe, niliposoma rasimu ya makala hii kwa sauti, alinikatisha. Alisema somo la lazima la tatu, lile lililokuwa halina uhusiano wowote na uhandisi, ndilo somo analolikumbuka kuliko yote aliyosoma chuoni. Ndilo pekee ambalo vitabu vyake hajaviuza. Nikamuuliza, basi ungechagua tena koleji ileile? Akafikiri sana. Akasema angeichagua kama angekuwa mtoto wa daktari.

Sina jibu zuri kuliko hilo, na nimejaribu kulitafuta.

Yule binti wa mzee wa Uvira tulikaa naye mezani wiki ileile, meza ileile. Alitaka kusoma biolojia. Tulifungua mpango wa miaka minne wa fani yake, koleji moja baada ya nyingine, zote saba, nami nikawa naandika idadi kwenye mgongo wa bahasha ya bili ya umeme huku baba yake ameketi karibu, hasemi, kofia gotini. Ilichukua jioni nzima, na kwenye moja tulirudia mara mbili kwa sababu somo moja lilihesabika pande zote mbili, la fani na la koleji, na hayo ndiyo dhahabu, yatafute. Tulipomaliza, koleji ya Marshall haikuwa nyepesi kuliko zote. Ilikuwa ya tatu, tofauti ni masomo mawili.

Binti akamwangalia baba yake. Mzee akaniuliza masomo mawili ni muda gani. Nikamwambia ni nusu ya muhula, kama wiki tano, na nikamwambia pesa yake ni kiasi gani, chakula na chumba.

Akaomba bahasha. Akaisoma muda mrefu, ingawa namba zilikuwa chache. Kisha akasema kwamba wiki tano ataweza, akaongeza zamu ya usiku pale anapofanya usafi, na akamrudishia mtoto kalamu.